Nawapa Watoto Fumbo Saa ya Uji, Sasa Napongezwa

Mpendwa Mama Shigela,

Shikamoo mama. Naomba msaada wako, na tafadhali unijibu kabla ya siku ya semina, maana nimebanwa kila upande na hata mume wangu sijamwambia yote. Majina ya watu nimeyabadili, langu nimeliacha kabisa, watoto wananiita Madam na hilo linatosha.

Mimi ni mwalimu wa Darasa la Nne katika shule ya msingi iliyo karibu na mwalo wa wavuvi, ukishapita Kisesa unaiacha lami unashuka ziwani. Mume wangu, nimwite Jonathan, yuko Mabatini, ana duka dogo la vipuri vya pikipiki, na mtoto wetu analelewa na mama mkwe huko huko mjini, mimi namwona mwisho wa wiki tu, na safari nyingine nikifika ananikimbia anajificha nyuma ya bibi yake kama kaona mgeni. Nakueleza hili mapema ili ukinilaumu unilaumu ukijua na upande wangu.

Shule yetu ilikuwa na uji, mama. Baada ya mavuno kila mzazi alileta mahindi, yakasagwa, mama Rebeka mpishi wetu akapika kwenye sufuria kubwa ya shule, na ikifika saa nne watoto wanapanga foleni na vikombe vyao wanasukumana na kucheka. Mwaka huu mvua ilikatika mapema, mahindi yakakauka yakiwa kwenye mbelewele, samaki nao wamekuwa adimu hata wavuvi wenyewe wanakula mboga, na stoo ya shule ikabaki ya panya. Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Ndalahwa, akatuambia uji usimame wiki moja tu, kamati ya shule inakusanya mwingine.

Wiki ile sitaisahau. Ikifika saa nne darasa langu linazimika, huyu kalaza kichwa kwenye dawati, yule anashika tumbo, wawili wanapigana kwa sababu ya kipande cha kifutio, nami nimesimama ubaoni nafundisha ukuta. Sasa chuoni tulifundishwa kwamba mtoto akichoka usimkazanie, mpe dakika chache za kupumzisha akili, mwimbishe, mpe mchezo wa maneno, atarudi kwenye somo akiwa mpya, nikasema ngoja nijaribu, siku zenyewe chache, uji ukirudi nitaacha. Nikaandika ubaoni UNGANISHA, nikawaambia tafuteni maneno madogo yaliyofichwa humu, changanyeni herufi mnavyotaka, kikundi kitakachopata mengi kinapigiwa makofi. Hata chaki sijaiweka chini, mtoto mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Unga!"

Darasa zima likacheka, halafu kicheko kikakatika. Wawili wakarudisha vichwa kwenye dawati, na mmoja akauliza bila hata kunyoosha mkono, "Madam, leo tena hakuna?" Nikalifuta lile neno kwa kiganja cha mkono. Nikasema kuanzia leo mchezo wetu una sheria moja, neno la chakula halihesabiwi, anayelitaja kikundi chake kinapokonywa pointi, nikaanza na kikundi cha yule wa nyuma.

Mama, sheria ile ilifanya kazi kuliko nilivyotegemea. Watoto walisahau. Walikuwa wanasimama juu ya madawati, wanabishana, wanapekua herufi, na kengele ya kipindi kinachofuata inawakuta macho yamewatoka kwa hamu. Aliyewashinda wote ni binti mmoja, nimwite Princess, baba yake Ojuok alikwenda kuvua visiwani akapotelea huko, haji wala hatumi kitu, na mtoto analelewa na bibi yake, Bibi Agutu, mama mmoja wa Kijaluo anayeanika dagaa pale mwaloni. Siku ile ya kwanza wenzake walipong'ang'ania "shina" na "nani", Princess alikuja mbele akaandika "ushanga". Nilimpigia makofi mimi kabla darasa halijapiga.

Basi wiki moja ikawa mwezi, mwezi ukawa muhula. Mkutano wa wazazi ulipoitishwa nilidhani mahindi yatapatikana, kumbe mwenyekiti wa kamati, Mzee Masele, akasimama akasema, "Mbona Darasa la Nne hawalalamiki? Mwalimu wao kawapa mchezo, wanachangamka mpaka wanapotoka. Kumbe uji ulikuwa mazoea tu." Wazazi wakaguna kwa kukubali, wengine wameshachoka na michango, wengine kweli hawana, na Mwalimu Ndalahwa akaniomba nisimame nionekane. Nikapigiwa makofi. Nami mama, badala ya kusema nilichokuwa nacho moyoni, niliinamisha kichwa kama bibi harusi nikasema asanteni sana. Ndipo uji ukafa rasmi, na ile sufuria ikaanza kuazimwa kwenye shughuli za kijiji. Jumamosi moja kwenye harusi ya kijana wa Mzee Masele huyo huyo nikaiona imetokeza nyuma ya turubai, jina la shule ubavuni, imejaa pilau hadi juu. Nikapakuliwa, nikala. Nikaongezwa, nikala tena.

Kisha akaja afisa elimu wa kata yetu. Alikaa nyuma ya darasa, akafurahi mpaka akavua miwani, akaniuliza kwa nini maneno ya chakula yamekatazwa, na kabla sijafungua mdomo Mwalimu Ndalahwa akanijibia, "Hiyo ni mbinu yake, maneno ya chakula ni mepesi mno, anawasukuma watoto kwenye msamiati mgumu." Afisa akasema huu ndio ubunifu tunaoutafuta. Watoto wangu walikuwa wamekaa pale pale, mama, wanasikia, na mmoja akanitazama akasubiri niseme. Sikusema.

Siku chache baadaye Princess alikuwa ubaoni, ameandika nusu ya neno, nikaona mkono unashuka na chaki inachora mstari mrefu mpaka chini, naye akaufuata, akashuka polepole akalala sakafuni. Nilimbeba mwenyewe hadi ofisini, mwepesi jamani, nikampa maji ya sukari, akafumbua macho, na neno la kwanza alilosema lilikuwa, "Madam, pointi yetu imehesabiwa?" Nikamwambia imehesabiwa. Baada ya hapo hakuonekana tena shuleni.

Nilimfuata mwaloni. Nikamkuta anageuza dagaa kwenye vichanja, kajifunga kanga kiunoni kama mtu mzima, nikamwuliza, "Princess, mbona umenitoroka? Hunipendi tena?" Akanijibu bila kusimama, "Nakupenda, Madam. Ila huku saa nne tunakula." Bibi yake akanivuta pembeni, akaniambia, "Mwalimu, usinione mbaya, mimi sikumtoa shule. Alikuja mwenyewe. Wanawake hapa tunapika pamoja, anayefanya kazi anakula. Nilitaka kumrudisha, kisha nikajiuliza, namrudisha kwenye nini?" Nikaaga. Tangu siku ile wengine wamemfuata mwaloni, na Mwalimu Ndalahwa anawaita watoro, anasema wazazi wa huku hawajui thamani ya elimu.

Sasa fikiria semina hii aliyoipanga afisa huyo. Itafanyika kwetu, shuleni, Alhamisi ya wiki ijayo, walimu watakuja kutoka shule zote za kata, nami ndiye mtoa mada. Ratiba ni kwamba saa nne watoto wangu wacheze lile fumbo mbele ya wageni, wakimaliza watoke, wageni waletewe chai na maandazi na supu, na mama Rebeka ameambiwa apikie kwenye sufuria ile ile. Baada ya hapo mchezo wangu utaingizwa kwenye ratiba ya kila shule, na najua kuna shule mbili kwenye kata hii bado zinapika uji wa kuungaunga, na mmoja wa wakuu wake alishanipigia simu akaniuliza, kwa furaha kabisa, kama ni kweli ukiwa na mchezo huu uji si lazima. Afisa naye kanidokeza kwamba nikifanya vizuri atanipigania nihamie mjini, niwe nafundisha walimu wenzangu. Mjini, mama. Mabatini. Kwa mwanangu.

Nilijaribu kumwambia Mwalimu Ndalahwa tuwaeleze wageni ukweli. Akasema, "Unataka kusimama mbele ya wakubwa useme watoto wangu wana njaa? Wewe fundisha, Madam. Uji si somo lako." Nimemgusia Jonathan kidogo kwenye simu, akasema pole, lakini kumbuka na huku kuna mtoto. Nimefikiria kusingizia homa siku hiyo. Nimefikiria pia nifanye semina, nipate uhamisho, kisha nikiwa mbali salama niandike malalamiko bila jina. Na jambo jingine linaloniumiza ni kwamba mchezo wenyewe ni mzuri, watoto wanaupenda, na mimi naupenda, naogopa nikisema ukweli utapigwa marufuku na watabaki hawana uji wala mchezo. Nifanye nini, mama? Nishauri kama mwanao.

Madam wa Darasa la Nne, Magu

*

MAMA SHIGELA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma hapa nyumbani nikiwa na kikombe cha chai na kiazi, nikafika pale kwa Princess nikakiweka kiazi kwenye sahani, na mpaka naandika haya kiko pale pale kimepoa. Pole. Nasema pole kwanza kwa sababu nikianza na mengine nitasahau. Unaishi mbali na mtoto wako, unafundisha darasa linalozimika mbele ya macho yako, na ulipotafuta njia ya kuwasha taa hakuna aliyekusaidia. Ule mchezo ulioutafuta ni kazi ya mwalimu mwenye moyo. Wangapi wangeacha watoto walale, wakatoka nje wakachati na simu? Hukufanya hivyo, na Mungu ameona.

Sasa kaa vizuri nikuseme.

Kukosa uji si kosa lako. Mvua hukuizuia wewe. Lakini ile sheria, Madam, ile sheria ni yako peke yako, hakuna aliyekutuma. Mtoto ana njaa, anasema "unga", nawe unamfutia kwa kiganja na kumpokonya pointi! Ulishindwa kumpa chakula, sawa, tunashindwa wengi, lakini ukamkataza hata kukitaja? Mtoto akilia njaa mtu mzima anasikia, na akisikia anaona haya, na akiona haya labda atafanya kitu. Wewe uliwanyamazisha. Ukaifanya njaa yao iwe ya kimya, safi, inayopendeza mbele ya mgeni. Ndiyo maana Mzee Masele aliweza kusimama kwenye mkutano na kusema uji ni mazoea. Alisema uongo, lakini ushahidi alipewa na darasa lako.

Na pilau ukala! Ukaongezwa, ukala tena! Ee mwanangu, hapo nilicheka kwa uchungu, kwa sababu nakujua, nami ningekula. Njaa ya huko kumbe hata walimu inawagusa, mnafichana tu.

Tuje kwenye homa yako. Acha ujinga. Ukiugua Alhamisi, Mwalimu Ndalahwa ataufundisha mchezo huo mwenyewe, vibaya, na sheria yako juu, na zile shule mbili zitazima majiko yao Ijumaa asubuhi. Na hilo la kuhamia mjini kwanza kisha uandike bila jina, usinichekeshe. Mtu akishapata alichotaka kalamu inakuwa nzito ajabu. Utafika huku Mabatini, utamkumbatia mwanao, utasema nitaandika kesho, na kesho utasema watajuaje ni mimi, na keshokutwa utakuwa unafundisha mchezo huo huo kwenye ukumbi wenye feni. Siri utabaki nayo wewe na watoto wale, na wao wanajua, ulisema mwenyewe kwamba mmoja alikutazama akasubiri. Anasubiri bado.

Unaniuliza kama mchezo ni mbaya. Si mbaya hata kidogo, uache uendelee! Mtoto aliyekaa saa nzima na hesabu anahitaji kucheka, kuruka, kuwinda neno. Lakini mchezo ni wa mtoto aliyechoka. Mtoto mwenye njaa hajachoka akili, amekosa chakula, na hapo hata umletee michezo yote ya dunia unampotezea nguvu zilizobaki. Princess alitumia za mwisho kukuandikia nusu ya neno. Kwa hiyo uji kwanza, kikombe kikishafutwa ndipo fumbo, na siku uji usipokuwepo watoto wapumzishwe kivulini au warudi nyumbani mapema, na wazazi wawaone wanarudi. Waone miguu inavyoburuta. Usiwape wazazi darasa lililochangamka kwa hila.

Kesho uende tena mwaloni. Nenda bila barua ya mwalimu mkuu na bila neno la utoro mdomoni. Mpe Bibi Agutu heshima yake, mama yule ndiye pekee katika habari hii yote aliyefanya jambo la akili, aliona mtoto ana njaa akamweka karibu na chungu. Mwombe radhi, kisha mwombe kitu kingine, mwambie awashawishi wanawake wenzake wa vichanjani. Wao wanapika pamoja kila siku kwa kidogo walicho nacho, kila mmoja anatoa anachoweza na asiyenacho anatoa kazi. Kumbe kijiji chenu kinajua kulisha watu bila kamati! Waje waifundishe kamati yenu inavyofanyika. Princess usimvute mkono. Mwambie uji ukirudi, nafasi yake ipo, na uache aamue anapouona ukifuka.

Pita pia kwa wazazi wa darasa lako, nyumba kwa nyumba, uwaombe bakuli moja la unga kwa ajili ya Alhamisi. Atakayekuwa hana asione aibu, ana mikono ya kuchota maji na kuleta kuni. Mwenye kusema hana na pilau ya harusi ya kijana wake uliila, huyo umwombe bakuli mbili, na umtaje kwa jina lake la mzee, kwa adabu, mbele ya mkewe. Mke wa Mzee Masele atakusaidia hapo kuliko mimi.

Mwalimu Ndalahwa mfuate ofisini kabla ya Alhamisi, siyo kwa kumvizia. Mwambie wazi, "Mwalimu, siku ya semina nitaeleza mchezo ulianzaje, nimekuja kukuambia mapema usishtuke." Atafoka. Mwache afoke, umsikilize hadi mwisho, usijibu ukali kwa ukali. Naye ana wakubwa wake anaowaogopa, lakini uoga wake asikuvishe wewe. Akisema uji si somo lako, mjibu kwamba watoto waliohamia mwaloni ni somo lako, na darasa linaisha.

Uhamisho sikuahidi. Inawezekana afisa akakasirika, ukakaa huko ziwani miaka mingine, na mwanao aendelee kukukimbia. Nakuambia hivyo kwa sababu sipendi kukudanganya nikakupeleka mbele ukiwa umefumba macho. Jonathan mweleze yote, usimwonjeshe, na mwombe amlete mtoto huko kwako likizo ikifika, shule yako ina ardhi na ziwa, hatakufa. Lakini jiulize pia, huyo mtoto wako unayemlilia akianza shule, akakuta mwalimu aliyejifunza kutoka kwako namna ya kumnyamazisha, utamwambia nini?

Haya, Alhamisi yenyewe. Sikiliza, na zungumza mapema na mama Rebeka, maana bila yeye hakuna kitu. Watoto wako wasiingie kucheza mbele ya wageni, watoto si wa maonyesho. Siku hiyo ile sufuria ipike uji, na uji uwe wa watoto. Chai ya wageni Rebeka aiweke pembeni imefunikwa, asiitoe mpaka umwite. Ikifika saa nne, waambie walimu wenzako na afisa wenu wakae kwenye madawati ya Darasa la Nne, magoti yagonge mbao za dawati, wote, na Mwalimu Ndalahwa naye. Waambie chai itasubiri kidogo, kwanza tupumzishe akili. Andika ubaoni UNGANISHA. Watajie sheria, kwa sauti ile ile uliyowatajia watoto.

Watacheza, watafurahi mwanzoni. Dirishani watakuwa wanasikia vikombe na watoto wanasukumana kwenye foleni, na harufu itaingia. Usiwahurumie, andika neno jingine, waambie waendelee, kikundi cha nyuma kinashinda. Watu wazima wana subira ndogo kwa matumbo yao, hutachukua muda, mmoja atanyoosha mkono aulize kwa upole, "Madam, chai vipi?"

Mwambie umempokonya pointi, ametaja chakula.

Watacheka. Wakimaliza kucheka waeleze ni nani aliyepokonywa pointi ya kwanza kwenye darasa hilo, kwa neno gani, na waeleze Princess aliacha chaki yake wapi na sasa yuko wapi, na alikujibu nini ulipomwuliza kama hakupendi. Mwite mama Rebeka alete chai, uwamiminie wewe mwenyewe kikombe kimoja kimoja, na umtazame usoni kila atakayepokea.

Mama Shigela, Mabatini